Pont Tuliyoifunga Bila Nyundo

Mke wangu aliondoka Kisangani akiwa na tumbo kubwa, kwa sababu kwao Opala mwanamke huenda kumzaa mtoto wa kwanza kwa mama yake. Nilimpeleka mwenyewe, barabara ikiwa bado kavu. Alikaa mbele kando yangu, na kila tulipokaribia shimo alishika mlango kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono mwingine, akasema, "Polepole, papa. Huku tuko wawili." Nilimwacha kwa mama yake, bokilo wangu, pamoja na sabuni, mfuko wa chumvi na kitenge kipya cha kumbebea mtoto mgongoni. Kisha nikarudi mjini, maana bila kazi ya gari tusingekula.

Sikuwa na kazi nyingine. Nilisoma hadi mwaka wa pili wa sekondari, baba akafa, nikashika usukani. Nilikuwa na camionnette ndogo, kuukuu, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Nilibeba mchele na watu kati ya Opala na mto, ambako bac, kile kivuko cha chuma, huvusha magari kuingia mjini.

Mvua zilikuwa zimeshika wakati dereva mmoja wa lori aliponitafuta hadi nyumbani, commune ya Tshopo. Alikuwa na matope hadi kwenye nywele. Hakukaa.

"Masta, bibi yako iko mugonjwa," alisema. "Miguu imevimba, uso imevimba, kichwa inamuuma, na macho inamufanyia giza. Infirmier ya kule anasema lazima umulete hôpital ya huku, yeye hana dawa. Nilitaka kumubeba mimi, lakini bokilo yako alikatala kumupandisha juu ya magunia."

"Alifanya muzuri," nilisema.

"Njo vile. Mimi mwenyewe nimelala njiani siku mingi. Enda mbio."

Niliondoka siku ile ile, na siku ile ile barabara ilinishinda. Kuna bonde la udongo mwekundu kwenye njia ya Opala, lenye kilima kila upande. Malori yalikuwa yamelilima hadi likawa shamba. Niliingia kwa kasi, gari likapanda kidogo, likasimama. Gurudumu la kushoto lilikuwa kwenye utelezi, likazunguka kama pia na kurusha matope hadi kwenye miti. Gurudumu la kulia lilikuwa kwenye changarawe ngumu kabisa, na lilikuwa limetulia, halisogei hata kidogo, kana kwamba safari haikulihusu.

Ndivyo magari yalivyo. Nguvu ya mota hupita chini hadi kwenye kichwa cha chuma kilicho katikati ya ekseli ya nyuma, ambacho sisi huita pont. Humo ndani meno huigawa nguvu kwa magurudumu mawili, ili kwenye kona gurudumu la nje liweze kukimbia kuliko la ndani. Kwenye lami ni jambo zuri. Kwenye matope, nguvu yote hukimbilia upande ule usioshika kitu.

Kwenye bonde lile kuna watu wanaoishi kwa kusukuma magari. Hukaa chini ya kibanda cha majani na miti yao mirefu, na gari likikwama hushuka wakiimba. Mmoja wao, mrefu, mwenye kofia iliyopasuka, ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo. Walisukuma, wakachimba, wakaweka matawi. Gurudumu la kushoto likayatafuna matawi yote. Mwishowe wakanivuta kwa kurudi nyuma, nikatoka upande ule ule niliotokea.

"Papa chauffeur," yule mrefu aliniambia, "hii gari yako iko na muguu moja tu. Tafuta ya pili, njo urudie."

Aliongea kwa mzaha, lakini fundi wangu alisema maneno yale yale. Fundi huyu tulikua pamoja, watu wake ni wa mto, kutoka Isangi, na alikuwa akitengenezea magari ndani ya parcelle, kiwanja cha ukoo wao, pale pale Tshopo. Alinisikiliza, akajifuta mikono.

"Unapaswa kupata autobloquant," alisema. "Ni pont ya namna ingine. Ndani iko na visahani ya chuma inabanana. Gurudumu moja ikitaka kukimbia peke yake, visahani inavuta na ndugu yake. Zote mbili inatembea."

"Tutaipata wapi huku Kisangani?"

"Minajua moja."

Zamani alifanya kazi kwenye shamba la kahawa la mgeni mmoja, aliyeagiza gari kama langu, lakini lenye pont ya namna hiyo kwa ajili ya njia zake mbaya. Mali za wageni zilipogawiwa wananchi, mgeni alienda zake, na mwenye mali mpya akauza kila kilichoweza kubebwa, hata mabati ya paa. Gari lilibaki kwa sababu mota yake ilikuwa imekufa. Tulilikuta kwenye majani, mti mwembamba umeota na kupita kwenye dirisha lake. Mlinzi alikuwa hajaona mshahara tangu wakati ambao hakuukumbuka. Nilimwachia redio yangu, tukalala chini ya gari na kufungua. Mafuta yaliyotoka kwenye ile pont yalikuwa bado ya rangi ya asali. Fundi alitia kidole, akayanusa, akacheka kwa furaha. Ni mara ya mwisho ninayokumbuka mimi na yeye kucheka pamoja.

Tulirudi na kile chuma juu ya baiskeli. Gari langu lilikuwa tayari katikati ya ua wake, limewekwa juu ya magogo, magurudumu na ekseli zimetolewa. Tulipofika langoni tukasikia vilio. Tonton wa fundi, mdogo wa baba yake, mzee aliyekuwa akiugua muda mrefu katika nyumba ya nyuma, alikuwa amekata roho.

Sanduku lake lilitengenezwa pale uani, hatua chache kutoka kwenye gari langu. Nilishika mbao, mwingine akapigilia misumari. Tulimzika, watu wakarudi, mikeka ikatandikwa, matanga yakaanza. Mimi nilikaa kati ya wanaume, nikitazama gari langu juu ya magogo.

Mjane wa marehemu ndiye aliyekuwa mkubwa wa parcelle sasa. Fundi alimwendea, akachuchumaa mbele ya mkeka wake. Mimi nilisimama nyuma.

"Mama, minaomba ruhusa nifunge pont ya huyu ndugu yangu. Si kazi ya kutafuta faida. Bibi yake iko kule Opala na mimba, iko mubaya."

"Utafunga na nini?"

"Na funguo. Na nyundo, kidogo."

Yule mama aliinua kichwa. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia. "Nyundo ya sanduku imekwisha kulia hapa. Sisi watu wa mto tunajua: nyundo ya pili, kama matanga haiyatoka, inaita sanduku ya pili. Sitaki kusikia chuma inapigwa."

"Mama, bibi ya huyu anaweza kufa."

"Njo maana minakukataza," alisema.

Hakunikataza kwa ubaya. Alimkinga mke wangu, mtu ambaye hakuwahi kumwona, kwa kitu pekee alichokuwa nacho. Tena gari lilikuwa kwake, limefunguliwa, na fundi ni mfiwa, hakuruhusiwa kutoka kwenye parcelle. Fundi mwingine aliyeijua pont kama ile sikumjua. Nikasema, "Aksanti, mama. Hatutapiga."

Mtu asiyejua kazi hii anaweza kuuliza nyundo ni ya nini. Pont hukaa juu ya roulement mbili, pete nene zenye vigogo vidogo vya chuma vinavyozunguka ndani yake. Pete hizo hubana sana mahali pake. Fundi wa kawaida huziingiza kwa nyundo na kipande cha bomba, muda wa kuvuta sigara. Na si mara moja tu. Chini ya kila pete huwekwa vibati vyembamba, na meno yakikutana vibaya lazima utoe pete, ubadilishe vibati, urudishe, ujaribu tena.

Fundi alifikiri, kisha akaingia jikoni kwa wanawake waliokuwa wakipikia watu wa matanga. Nilimsikia akiomba sufuria ya mafuta ya mawese, wakaanza kupiga kelele.

"Mawese ya kufanya nini?"

"Kupika roulement."

"Donc leo matanga inakula chuma?"

"Tia na pilipili, papa! Na pondu!"

"Tonton alipendaka mifupa," alisema mwanamke mmoja mnene, mpwa wa marehemu. "Kila siku, mifupa, mifupa. Sasa njo munamupikia ya kweli, na meno hana tena!"

Walicheka hadi wakashikana mabega. Halafu yule mnene akaanza kulia, na wengine wakalia naye, lakini sufuria waliiachia motoni.

Chuma kikipata moto hupanuka. Fundi alizamisha pete ndani ya mawese, akawa anadondoshea tone la maji. Tone lilipoanza kulia juu ya mafuta alisema, "Basi, isipite hapo, itaharibika." Aliiopoa kwa waya, akaishika kwa magunia, akaitelezesha mahali pake kwa mikono miwili. Iliingia bila sauti. Tulisubiri ipoe, na ikapoa ikiwa imebana kama imezaliwa pale.

Kisha tukapaka meno bluu ya kufulia nguo iliyochanganywa na mafuta, tukazungusha, tukatazama alama. Alama ilikaa ukingoni. Ikabidi kutoa pete. Kwa kuwa hatukuweza kugonga, niliazima chombo cha kuvutia, nikitembea na kurudi mji mzima, maana aliyekuwa nacho alikuwa amemwazima mwingine. Tukakata vibati kutoka kwenye kopo la maziwa. Tukaomba mawese tena. Alama ikakaa ukingo wa pili. Tukatoa tena. Wanawake sasa hawakucheka tena, walitupisha tu motoni. Fundi alifanya kazi akiwa ameketi chini, kama mfiwa anavyopaswa, na watu wapya walipoingia kulia aliacha funguo, akaenda kupokea pole, akarudi. Mimi nilingoja nikiwa na chuma mapajani. Nilikuwa nafikiria uso wa mke wangu, jinsi unavyoweza kuwa umevimba, na sikuweza kuuona. Niliona tu ule wa siku zote.

Tulipomaliza, matanga yalikuwa bado hayajaisha. Mlio wa chuma kwa chuma haukusikika hata mara moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Fundi alinyooshea kidole gurudumu la kulia, yote mawili yakiwa hewani.

"Zungusha."

Nilizungusha kwa mkono, kwa nguvu. La kushoto likafuata, upande ule ule, taratibu. Pont ya zamani ingelirudisha kinyume. Yule mjane alikuwa akitutazama kutoka kwenye mkeka wake.

"Imekubali?" aliuliza.

"Imekubali, mama."

"Enda umulete."

Fundi alinionya kwamba mafuta maalumu ya pont ile hayapatikani, tumetia ya kawaida, kwa hiyo itakuwa ikinung'unika kwenye kona. Ilinung'unika kweli. Kila kona ya mji, kutoka Tshopo hadi mtoni, chini ya kiti changu kulikuwa na sauti ya mtu anayeguna usingizini. Nyuma ya gari nilikuwa nimeweka godoro letu, na shuka, ili mke wangu alale wakati wa kurudi.

Kwenye bac hakuna aliyevuka. Mkubwa mmoja alikuwa akitazamiwa, na vijana wa chama walikuwa wamepanga watu wote ukingoni ili waimbe na kucheza atakapopita. Nilimwendea kijana mmoja mwenye filimbi.

"Citoyen, bibi yangu iko mugonjwa, ninaenda kumuchukua."

"Sisi wote tuko na bibi, citoyen. Ingia mustari."

Niliingia kwenye mstari. Nilipiga makofi, nilitikisa kiuno, mikono ikinuka mawese. Mama mmoja muuza samaki aliyekuwa kando yangu aliniambia polepole, "Papa, cheka kidogo, wanakuangalia." Nikacheka kidogo. Mkubwa alipita ndani ya gari lililofungwa vioo. Halafu bac haikuwa na mafuta, ikabidi sisi wenye magari tutoe kwenye madumu yetu. Jua lilikuwa linashuka nilipokanyaga ng'ambo.

Nilifika bondeni asubuhi iliyofuata. Malori yalikuwa yamekwama yakielekea pande zote mbili. Watu wa bonde walinitambua. Yule mrefu aliona godoro.

"Ah! Papa ya muguu moja! Leo umekuja na kitanda kabisa? Unaona utalala kwetu?"

"Ni ya bibi yangu," nilisema. "Iko mugonjwa. Kesho tutapita hapa naye."

"Bon. Basi tukusukume."

"Ngojeni kwanza."

Niliingia matopeni pembeni mwa malori. Gari lilizama, likatikisika, gurudumu la kushoto likaanza kuteleza, na mara ile nilihisi, kwenye mgongo wangu, la kulia likishika. Halikushika kwa ghafla. Lilivuta tu, kama mtu aliyeamua. Gari lilipanda likienda upande kidogo, likapanda, likafika juu. Nyuma yangu watu wa bonde walipiga miluzi. Sitaficha kwamba nilifurahi. Niliimba peke yangu ndani ya gari. Nilimwambia mke wangu kwa sauti, "Minakuja, sasa minakuja."

Opala niliingia mchana. Nilizima mota kabla ya nyumba ya bokilo wangu ili nisimshtue mgonjwa, gari likateremka lenyewe kwa ukimya. Ndipo nikasikia nyundo.

Nilijiambia ni mlango. Watu hutengeneza milango. Nilijiambia ni jirani, ni mtumbwi, ni paa. Gari lilisimama na nyundo ikaendelea, na nilijua jinsi msumari unavyolia kwenye mbao mbichi, kwa sababu nilikuwa nimezishika mbao kama hizo Kisangani.

Alikufa alfajiri ya siku ile. Alitetemeka mwili mzima, akatulia, akatetemeka tena. Mtoto hakuwahi kutoka. Bokilo wangu alinieleza hayo akiwa amekaa chini, miguu imenyooshwa, kitenge kipya kikiwa mapajani mwake bado kimekunjwa. Kisha akaniuliza, labda kwa sababu hakuwa na jambo jingine la kusema kwa mkwe:

"Ulipita namna gani, mutoto yangu? Wanasema malori yote imekwama."

"Gari iko muzuri, mama," nilimjibu. "Gari imekuwa muzuri."

Kwa nyundo tungemaliza mapema zaidi. Hilo nalijua. Ningeweza kuwa nimefika jana yake, naye akiwa hai. Lakini sijui kama angeweza kuvumilia njia ile, wala kama hospitali ingekuwa na dawa. Yule mjane wa Tshopo nilimsalimu miaka yote iliyofuata, na hakuna siku nilimwambia kitu kingine isipokuwa "Jambo, mama." Alitaka lisitengenezwe sanduku la pili. Nami pia nilitaka hivyo, tukanyamaza wote, chuma hakikulia, na sanduku likatengenezwa.

Tulimzika kwao. Kwa desturi yao mwanamke aliyekufa na mimba hasafirishwi, na mimi sikuwa na nguvu ya kubishana. Nilikaa hadi nilipoambiwa naweza kwenda.

Niliporudi bondeni mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Niliingia matopeni, na pont ikafanya kazi yake vile vile, ikashika, ikavuta, tena gari lilikuwa jepesi. Lingepita bila taabu. Katikati ya matope niliona kwamba baada ya kilima kile hakutakuwa na kitu kingine cha kunizuia hadi kwenye nyumba yetu tupu, nikaondoa mguu, nikazima mota.

Watu wa bonde walishuka wakicheka.

"Papa chauffeur! Gari inapita yenyewe, kwa nini umesimama?"

"Musukume," nilisema.

"Tusukume nini? Iko na nguvu kuliko sisi!"

"Musukume tu."

Yule mrefu alikuja hadi kwenye mlango ili anitanie zaidi. Alitazama kiti kilicho kando yangu. Alitazama nyuma, kwenye godoro, shuka likiwa bado limekunjwa vile vile. Alivua kofia yake iliyopasuka, akaiweka mfukoni. Akawaambia wenzake neno ambalo sikulisikia.

Wakaweka miti yao chini na kuegemeza mikono kwenye gari. Niliweka gia huru, nikashika usukani. Nilisikia miguu yao ikichomoka matopeni, na pumzi zao, na ile pont chini yangu ikinung'unika kidogo kwenye mkunjo wa kilima. Walinisukuma hadi juu kabisa, kwenye ardhi ngumu. Hawakuimba.